Nilimwambia Madamu Simpendi

Mara ya kwanza nilipoulizwa kama nampenda mtoto wa mjomba wangu, nilijibu kwamba simpendi hata kidogo, na jibu hilo nusura limuue. Wala sioni kosa langu. Ukimwuliza mtu swali kama hilo mbele ya mtani wake, unategemea ajibu nini?

Ilikuwa wakati wa vita. Mimi nilikuwa nauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sokoni Rumonge, yeye anauza mawese kibanda cha jirani, na watu wengine walikuja kusikiliza matusi yetu tu, wakaondoka bila kununua kitu. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako wa kuzaliwa. Warundi humwita muvyara. Badala ya kumwamkia unamtukana, naye anakurudishia. Siku ukimkosa, hata chakula hakishuki vizuri.

Halafu akaanza kuvimba uso. Nikamwambia ni adhabu ya kulamba mawese ya wateja. Akavimba na miguu. Nikaendelea kumcheka kwa mdomo, lakini moyoni niliogopa sana. Daktari wa Bujumbura akasema figo zake zote mbili zinakufa polepole, na hapa nchini hakuna wa kumwekea nyingine. Wafadhili fulani wa Ulaya wakakubali kumpeleka kwao, mradi apatikane ndugu wa kumpa figo moja. Ndugu zake wa tumbo moja walikuwa wamekimbilia Tanzania, kambini. Wakanipima mimi, damu zikakubaliana.

"Umeona?" nikamwambia. "Hata damu yako inajipendekeza kwangu."

Tukadhani yamekwisha. Kumbe! Damu wameshapima, mkojo wameshapima, sasa anakuja mama mmoja wa Kizungu kupima moyo kwa maneno. Kazi yake ilikuwa kujua mgonjwa ataishi na nani, nani atamhimiza kumeza dawa, na huyu anayetoa figo anatoa kwa hiari yake au amesukumwa. Akisema hapana, safari hakuna, na mtoto wa mjomba angebaki Rumonge na figo zake mbovu mpaka zimmalize.

Alifika na msafara wa magari yaliyosindikizwa na askari, na ilibidi arudi nao mchana uleule, kwa hiyo hata chai hakunywa. Tulimweka uani kwetu kwenye kiti cha plastiki, mimi na mgonjwa mbele yake, mama yangu pembeni. Maneno yake ya Kifaransa yalitafsiriwa na mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwaminifu kupita kiasi.

"Madamu anauliza kama munapatana, kama unamupenda."

"Huyu? Simupendi hata kidogo. Figo yangu bora nimupe mbuzi. Mbuzi iko na faida, siku ya Idi tutamukula."

Mwalimu akatafsiri yote, hakumwacha hata mbuzi.

"Mimi ndiyo naogopa figo yake," mgonjwa akadakia. "Ikiingia ndani yangu, nitaanza kugombana na watu sokoni bila sababu."

"Kufa basi, nirithi kibanda chako."

"Rithi tu. Nitarudi mzimu, ndagala zako nizimwage zote ziwani."

Mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Madamu hakucheka. Aliandika, akauliza kama ndugu huyu amewahi kunitisha. "Kila siku," nikasema, na mwalimu akatafsiri na hilo. Basi akafunga mkoba wake, akasema murakoze, asante ya Kirundi, akaenda zake.

Baadaye mwalimu akaja na habari kwamba safari imesimamishwa. Madamu ameona sisi ni maadui, mimi nasubiri mwenzangu afe nirithi kibanda, na labda familia imenilazimisha. Atarudi mara moja tu, ya mwisho.

"Kwa nini hukumuambia tunataniana?" nilimfokea. "We si Murundi? Huna muvyara?"

"Dada, niliitwa kutafsiri," akasema bila haya. "Sikuitwa kueleza."

Wallahi, kama nisingekuwa na kapu la ndagala kichwani, ningempiga.

Mama aligeuza hasira zake zote kwangu. "Ulimi hauna mfupa, lakini huo wako utamuzika mutoto wa kaka yangu!" Akaanza kunifundisha adabu. Nilikaa mkekani nikijifunza kusema kaka mpendwa, nikijifunza kutazama chini, nikijifunza kusema pole bila kucheka. Mgonjwa hakuambiwa lolote. Mama alisema tusimtie wasiwasi, hali yake imeshakuwa dhaifu.

Siku ya Madamu kurudi, milio ya bunduki ilisikika milimani na msafara ukachelewa. Alipokaa, mgonjwa aliletwa ameshikwa bega. Alinitazama akingojea tusi lake la kawaida. Mimi nikatazama chini.

"Shikamoo, kaka yangu mpendwa," nikasema. "Pole sana kwa maumivu. Mungu akupe nafuu."

Akanisogezea sikio. "Umesema nini?"

"Pole, kaka."

Machozi yakaanza kumtoka. "Shangazi," akamwambia mama yangu, "mumenificha nini? Daktari amesema nini? Huyu nilivunjika muguu akacheka! Nilianguka na pipa la mawese, akaita soko lote lije kuona! Leo ananiambia pole? Basi nimekwisha." Akamgeukia mwalimu. "Muambie Madamu arudi kwao. Siendi popote. Sitaki figo ya mutu anayeniaga."

Mwalimu akatafsiri. Mama akaanza kuomba dua kwa sauti. Na mimi, adabu zote za mkekani zikanitoka.

"Mupumbavu we! Kichwa kama pipa tupu! Nani anakuaga? Nimekaa mkekani mpaka mugongo umekufa, najifunza heshima kwa ajili yako, sura kama samaki mukeke aliyelala juani! Utakwenda Ulaya, utakatwa, utashonwa, na ukirudi nitakutukana mpaka uzeeke!"

Akajifuta machozi, akatabasamu. "Ee," akasema, "sasa ndiye yeye."

Madamu aliweka kalamu chini. Akamwuliza mwalimu neno moja, na kwa mara ya kwanza mwalimu akaitwa kueleza. Akaeleza habari za muvyara, za mtani, akamalizia kwa methali: wagombanao ndio wapatanao. Madamu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, swali lake likaja polepole: na je, kama nikitoa figo yangu, naye akafa nayo?

Nilitafuta utani. Nilitafuta wa kibanda, wa mbuzi, wa mzimu. Sikuupata hata mmoja.

"Nitabaki na figo moja," nikasema, "na sitakuwa na mutu wa kumutukana. Nitafanya nini mimi sokoni?"

Mtoto wa mjomba alitazama miguu yake iliyovimba. Madamu akaandika kidogo tu, akatupa sote mkono, akakimbilia msafara wake. Safari ikaruhusiwa.

Huko Ulaya walitulaza chumba kimoja, vitanda viwili, madirisha hayafunguki. Nilipozinduka, ubavu unawaka moto, nilimwona amelala upande wa pili, mipira puani, macho ameyafumba. Nikasubiri. Alipofumbua macho alinitafuta, akaniona, akasema kwa sauti ya taratibu kabisa, "Asante, dada yangu."

"Madamu!" nikapiga kelele kumwita muuguzi. "Madamu, kimbia! Huyu anakufa!"

Wauguzi wakaja mbio, wakatazama mashine zao, wakamgusa huku na huku, wakaona hana shida. Walipotoka, alikuwa ananitazama bado.

"Sifi," akasema. "Nilitaka kukushukuru mara moja, nimalize. Hutanisikia nikirudia."

Nikalia, na kulia kukaniumiza mshono. Hakunibembeleza. Alingoja nitulie kidogo, akaweka mkono juu ya bandeji yake, akanusa hewa.

"Lakini figo yako," akasema, "inanuka ndagala."