Waya wa Silinda ya Pili

Gari langu lilikuwa limeshazeeka kabla halijafika mikononi mwangu. Nililinunua kwa muuguzi mwenzangu aliyekuwa akirudi kwao, na kwa mwaka mzima lilinipeleka kazini bila neno, huku Uarabuni, kutoka chumba changu mtaa wa Al Rayyan hadi The Pearl, mtaa wa matajiri, nilikokuwa nikimuuguza bibi wa miaka themanini na kitu nyumbani kwake. Kisha ikaja Septemba, ule mwezi ambao unyevu hulowesha vioo vya gari kwa nje, likaanza kumisi.

Injini inamisi, mafundi wa kwetu Kenya husema, pale silinda moja inapokataa kuwaka. Gari hushtuka kama mtu mwenye kwikwi, nguvu zinapotea, taa ya injini inamulika mara tatu nne, halafu kila kitu kinatulia. Hapo ndipo ubaya ulipo. Lingezima moja kwa moja ningejua ninapambana na nini. Lakini lilikuwa likinitisha leo, kesho linaenda vizuri kabisa, hadi najiuliza kama si mimi niliyechoka.

Asubuhi moja lilinimisi katikati ya mzunguko wa barabara. Nilikanyaga mafuta, gari likanyong'onyea. Nyuma yangu lori la maji lilipiga honi ndefu, nikaona sura yake ikijaa kwenye kioo changu cha nyuma. Halikunigonga. Lilipinda, likapita karibu kiasi kwamba kioo cha pembeni kilitikisika kwa upepo wake. Nilifika kwa bibi, nikampima presha nikakosea mara mbili, akanishika mkono akaniuliza kwa Kiarabu nini kimenipata. Nikamwambia hakuna.

Fundi wa gereji niliyoizoea kule Industrial Area alikuwa mtu wa Peshawar, mpole, aliyeniita sista kama wanavyotuita wauguzi wote. Alichomeka mashine yake ya kupima.

"Silinda namba mbili," alisema. Akabadilisha plagi.

Baada ya siku tano likamisi tena. Nikarudi. Mashine ikataja silinda ileile, akabadilisha koili, kile kidude kinachokaa juu ya plagi na kuipa moto. Akaliendesha mwenyewe kuzunguka mtaa. Halikumisi hata mara moja.

"Sista, mafi mushkila," alisema. Hakuna tatizo.

Jumapili likamisi kwenye taa za barabarani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na magari yamenizunguka pande zote.

Nyumbani Nakuru nilikuwa na fundi. Mume wangu alikuwa ametengeneza magari miaka ishirini na zaidi, na sifa yake mjini ilikuwa moja: hakuwa na haraka ya kufungua boneti. Alikuwa akisimama kando, ameinamisha kichwa, anasikiliza, kisha anakuambia ugonjwa. Ningempigia simu tangu siku ya kwanza. Lakini sisi wawili tulikuwa hatupigiani tena. Tangu baada ya Krismasi alikuwa hapokei. Nikipiga, simu inaita hadi inakatika, kisha unakuja ujumbe wa maandishi: niko kazini, watoto wazima, ubarikiwe. Nikituma sauti, anajibu kwa maneno matatu yasiyohusiana na nilichosema. Mke aliye mbali hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshamaliza kesi kichwani mwangu na kumhukumu.

Hofu ya lile lori ndiyo iliyonishinda. Nikarekodi mlio wa injini nikamtumia. Akajibu siku iliyofuata: "Haijatoka vizuri. Niandikie. Inamisi ikiwa moto au baridi? Kiyoyozi kikiwashwa? Silinda gani? Wamebadilisha nini?"

Nikaandika yote. Safari hii alijibu kwa urefu, na nilipomsoma nilimwona kabisa na ovaroli lake.

"Plagi mpya, koili mpya, silinda ileile. Kilichobaki ni nozeli ya petroli au waya. Nozeli mbovu haichagui siku. Waya huchagua. Usinunue kitu kingine. Ijumaa uwe na mwiko wa mbao, tuonane kwa video."

Ijumaa asubuhi sikuwa na kazi. Nilisimama kwenye maegesho nyuma ya jengo letu, boneti wazi, injini imeshapata joto na kiyoyozi kimewashwa. Simu niliiegemeza ukingoni, ikinitazama uso. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti sebuleni kwetu. Alikuwa amekonda.

"Chukua mwiko," alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Sukuma kila waya taratibu, mmoja mmoja. Usitumie mkono. Anza na unaoingia silinda ya kwanza."

Nikasukuma wa kwanza. Injini haikujali. Nikasukuma wa pili, pale unapopinda karibu na chuma cha moto, na injini ikakohoa, ikatikisa gari zima, ikakaribia kuzima. Nikautoa mwiko, ikatulia. Nikaurudisha, ikakohoa tena. Nilicheka kwa sauti.

Nilipomtazama kwenye simu, alikuwa anasubiri.

"Haya, waya unaofuata," alisema.

"Hukusikia?"

"Sukuma unaofuata, mama."

"Baba watoto, injini nusura izime. Hukusikia?"

Aliisogeza simu karibu hadi nikaona jicho na nusu ya shavu. Alikuwa anaangalia mdomo wangu.

"Sema tena. Polepole."

Nikasema tena. Akainamisha kichwa, na kwa muda nikaona nywele zake tu, nyeupe kuliko nilivyoziacha.

"Sisikii," alisema. "Lilianza sikio moja, sasa yote mawili. Gereji nimeifunga tangu Februari. Nilimrudishia mtu gari lake, injini inagonga ndani, mimi nikamwambia iko sawa. Ilijifunga barabarani akiwa na watoto wake. Gari likaingia shimoni, wakaponea chupuchupu. Nikaona inatosha."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakuelewa. Nikarudia. Akasema, "Ungerudi nyumbani. Na mimi ningekuwa fundi kiziwi aliyemrudisha mke wake nyumbani."

Basi hasira zote za miezi tisa zikanitoka kwa kasi. "Mimi nilidhani una mwanamke!" nikamwambia.

"Nini?"

"Mwanamke!"

"Mwana nani?"

Nikapiga kelele mara ya tatu, injini ikinguruma, hadi mlinzi Mganda wa jengo letu akachungulia kibandani mwake akarudi ndani haraka. Mume wangu akalielewa neno. Hakucheka, wala hakukasirika.

"Ulikaa na hilo peke yako?" aliuliza.

"Na wewe ulikaa na lako."

Nikazima injini. Jasho lilikuwa likinitiririka hadi kwenye viwiko.

Jumamosi nililipeleka gari gereji. Fundi alichana ganda la ule waya, akanionyesha: kwa nje mzima, kwa ndani nyuzi za shaba zimekatika, zimeshikana kwa nyuzi mbili tu. Injini ikipata moto na kutikisika, zinaachana. Akaunganisha kipande kipya, akakifunga mbali na kile chuma. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

"Mashine yangu haikuona," alisema. "Nani ameona?"

"Mume wangu. Ni fundi." Nilisema hivyo, ni fundi, wala sikusema alikuwa.

Gari halijamisi tena. Nyumbani mambo hayakunyooka upesi hivyo. Nilimlazimisha aende hospitali, akaahirisha mara mbili, tukagombana kwa maandishi, ugomvi mbaya kwa sababu maandishi hayana sauti ya kuyapoza. Mwishowe alikwenda na binti yetu mkubwa. Daktari alisema sikio la kulia halitarudi. La kushoto linaweza kusaidiwa kwa kifaa, ila asitarajie kusikia kama zamani. Binti ndiye aliyenipa habari. Baba yake aliniandikia tu kwamba foleni ilikuwa ndefu.

Nikaomba likizo. Bibi wa The Pearl aliponiona najaza fomu akaniuliza nani anaumwa, na safari hii nilimwambia.