Kimto cha Pini

Fundi wa nguo tuliyepakana naye ukuta huongea midomo ikiwa imebana pini. Akikupima kiuno hataji namba kwa sauti; huiandika tu, akakusitiri. Mshono mbaya huufumua hata kama ni wake, hata kama mteja kaupenda. Na nyuma ya kiganja cha kushoto alikuwa na kimto cha pini, kimefungwa kwa lastiki, hakivui asilani. Tulidhani ni mambo ya kazi, mpaka siku nesi mmoja alipokuja kujaribu sare, lastiki ikakatika. Chini ya kimto palikuwa na pembe. Pembe kweli, ngumu kama ukucha, imepinda. Fundi aliuficha mkono ndani ya sare ya watu. “Mwaka wa tatu huu, mwanangu. Nani angemletea mwenye pembe nguo ya harusi ashone?” Nesi hakucheka. “Ni ngozi tu, mama, imeota vibaya. Inakatwa kwa ganzi. Ila lazima shina lipimwe, saratani hupenda kujificha hapo.”

Jana alirudi kutoka hospitali na majibu: pembe imekatwa, hakuna saratani. Nilimkuta dirishani, mkono uko wazi, anaukagua mshono wa daktari kama kazi ya mwanafunzi wake. “Nyuzi tano. Wa tatu kauvuta mno, ona ngozi ilivyokunjamana.” Nikamuuliza kama ataufumua. Alicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni. “Huu,” akasema, “hata mkasi usiusogelee.”