Chupa Iliyofunikwa Blanketi

Nilipanda treni Mbeya, nikashuka Kisaki kwa sababu tiketi yangu iliishia hapo. Siku mbili baadaye nilipata lori la mbao lililonifikisha Morogoro. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, cheti cha kidato cha nne na blanketi moja.

Mwalimu mstaafu wa kemia, aliyekuwa akiishi kule mji unakoanza kupanda milima, alinipa chumba cha uani na kazi ya kumsaidia katika banda lake la bati. Alikuwa na kipande kimoja cha aloi ya nikeli, metali ya mchanganyiko, ukubwa wa ngumi, alichokitafuta kwa miaka. Alitaka kukinywesha hidrojeni. Gesi hiyo, alinieleza, huingia ndani kabisa, ikakaa katikati ya chembe za metali, na metali ikawa kitu kingine: hidraidi. Huvimba, hupasuka, mwisho huwa unga wa kijivu.

"Na kisipokunywa, mwalimu?"

"Basi hewa imekiharibu. Nitafunga banda, nihamie kwa binti yangu Dar."

Kipande kilikuwa ndani ya chupa ya chuma. Ijumaa moja alifungua valvu ya hidrojeni, mshale wa geji ya kupimia gesi ukaanza kushuka taratibu. Kilikuwa kinakunywa. Akaenda msikitini, akaniachia daftari niandike namba.

"Usiguse kitu."

Chupa ilipata joto. Kwetu ndizi zilizovundikwa zikipata joto ndipo zinapoiva, na joto hilo halipotezwi. Nikaleta blanketi, nikaifunika vizuri.

Mama wa Kiluguru aliyekuwa akituletea mboga kutoka mlimani alichungulia, kikapu kichwani.

"Kaka, huyo mtoto wa nani unamlaza?"

"Ana baridi."

"Haya, mwimbie basi!"

Mshale ukasimama. Niliposikia geti nikalivuta blanketi, nikalikalia.

Mwalimu alitazama geji, akafunga valvu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baadaye kidogo akaanza kukunja nyaya zake, moja moja, kama mtu anayefungasha. Alipofika waya wa tatu nikamwambia.

"Umeifunika? Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya ndizi. Akaishika chupa, akaondoa mkono haraka.

"Bwana, joto ndilo linaloifukuza gesi! Kinapokunywa kinatoa joto, usipoliondoa kinakataa kunywa. Chukua ndoo."

Nilileta ndoo mbili kutoka kijito kinachoshuka Uluguru, maji baridi ya kuuma vidole. Tukaiweka chupa kwenye beseni, tukangoja. Alipofungua valvu, mshale ulishuka. Zile nyaya alizikunjua mwenyewe.

Nilikaa pale miaka miwili, muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kipande kilishakuwa unga, kinakunywa na kutema kila alipotaka, na mimi miguu ilianza kuniwasha.

"Unakwenda wapi?" aliniuliza asubuhi ile.

"Gairo."

"Kuna nini Gairo?"

"Sijui, mwalimu."

Nilikwenda kijitoni mara mbili, nikajaza beseni, ndipo nikachukua begi langu.