Bomba la Hewa la Fundi Kiherehere

Fundi Kiherehere hakuonewa kupewa jina hilo. Kukaa chini dakika tano kulimshinda. Alikula amesimama, na kinyozi alimshika kichwa kwa mkono mmoja kama anamnyoa mtoto. Mkewe alishakata tamaa ya kumtuliza tangu watoto wao wakiwa wadogo. Lakini mbele ya injini, jamani, alikuwa mtu mwingine. Aliweka ncha ya mpira mwembamba sikioni, ncha ya pili akaipitisha kwenye maungio ya mabomba, na hapo tu ndipo aliposimama tuli. Miaka thelathini na mbili alikuwa akisema, "Hapa panavuja," na kweli panavuja.

Wiki hiyo kazi ilikuwa ya damu yake. Mdogo wake wa kike alibeba kokoto kutoka machimboni kwa pikapu ya dizeli, na pikapu hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake tangu afiwe na mume. Ikifika mlimani ilitema moshi mweusi na kuishiwa nguvu. Fundi alifungua boneti, akakasirika kabisa. Mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa chini, jirani na gurudumu, injini inalishwa joto na vumbi.

"Hii wameivika gunia kichwani, halafu wanataka ipande mlima," alisema.

Akatoboa madigadi, akapandisha bomba nje hadi usawa wa paa, akafunga chujio kubwa zaidi. Kutoka kwenye chujio hadi kwenye injini akaunga bomba jipya, pana, kila ungio na mkanda wake wa chuma.

Siku ya tatu asubuhi waliwasha. Akapitisha mpira wake kila mahali. Kimya.

"Safi," alimwambia mdogo wake. "Nenda, utaniambia huko mlimani."

Mdogo wake akakaa kwenye usukani, akamtazama kidogo kama mtu mwenye neno, kisha akaondoka.

Mwenye akili zake hapo angepumzika. Yeye alifagia karakana iliyokwishafagiwa, akapanga spana, akazipangua, akazipanga tena. Mwishowe akaingia jikoni, akaegemea meza kando ya jiko na gazeti la juzi.

Mkewe akaja mbio kutoka uani, akazima jiko. "Wewe baba, una nini? Birika linapiga filimbi mpaka majirani wanasikia, na wewe umesimama ubavuni mwake."

"Halijapiga."

"Halijapiga? Maji yamekaribia kukauka."

Alitaka kubisha, maana kubisha ndiyo kazi yake ya pili, lakini akafunua birika, na kweli maji yalikuwa kidogo. Akajaza birika upya, akaliweka motoni, akangoja. Mvuke ukafoka. Mkewe akaziba masikio kwa viganja. Yeye hakusikia kitu ila ngurumo ya moto wa jiko.

Bomba linalovuja baada ya chujio hulia hivyo hivyo, kwa sauti nyembamba. Basi kile kimya cha asubuhi hakikuthibitisha lolote. Na kama panavuja, saa hiyo hiyo injini ya mdogo wake inameza vumbi la mawe lisilochujwa, na vumbi hilo husaga silinda kama msasa. Wiki mbili tatu, injini kwisha, na nyumba nzima njaa.

Akapiga simu. Haikupatikana, machimboni mtandao ni wa kubahatisha.

"Unakwenda wapi? Chai je?" mkewe aliuliza.

Alichukua baiskeli ya jirani bila hata kuomba. Njia nzima alijitetea mwenyewe: labda ni mafua, labda birika bovu. Alijua anajidanganya. Miezi hii wateja wangapi walirudisha magari, naye akawafokea kwamba hawajui kuendesha? Aibu ilimchoma, akazidi kukanyaga pedali.

Aliikuta pikapu kwenye foleni ya kupakia.

"Zima gari," alisema, akihema.

Akatoa bisibisi mfukoni, akafungua ungio lililo karibu na injini, akaingiza kidole. Kikatoka cheupe, kimepakaa vumbi laini kama unga.

"Imeharibika, kaka?"

"Bado. Tumewahi." Akafuta bomba kwa kitambaa, ndani kabisa. "Hukusikia kitu tangu asubuhi?"

"Nilisikia. Ilipiga mluzi tangu tulipowasha pale kwako. Nilitaka kusema, halafu nikaona, kaka kashasikiliza, na yeye akisema safi ni safi. Nikadhani ndivyo inavyotakiwa kulia."

Hilo lilimuuma kuliko tusi. Angeweza kusema mkanda umelegea njiani. Mdogo wake angeamini, kama alivyoamini asubuhi. Uongo ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Mimi sisikii, mdogo wangu," alisema. "Sauti nyembamba sizisikii. Wala sijui tangu lini."

Mdogo wake alianza kucheka akidhani ni utani, akaacha. Akamsaidia kurudisha bomba, akawasha injini, akaja mbele. Aliinamisha kichwa kidogo tu, akaweka kidole kwenye ungio la pili.

"Ni hapa."

Fundi akakaza kwa bisibisi.

"Bado," mdogo wake alisema.

Akakaza tena.

"Bado kidogo. Haya, imenyamaza."

"Una hakika?"

"Nina hakika, kaka."

Akabaki ameshika bisibisi, anamtazama mdogo wake usoni, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kujua.