Jora Moja kwa Milango Yote

Kwetu Sagalla, Krismasi ilikuwa jora moja. Mama alinunua kitambaa Voi, fundi akatupima mmoja mmoja, akatushonea sote kutoka kwa kitambaa hicho hicho, na siku ya kanisa tukapita njiani kama wanafunzi wa shule isiyokuwepo. Hakuna aliyenuna kwamba mwenzake kapendelewa. Mimi nilikua nikiamini hiyo ndiyo haki yenyewe, na nilipopata kazi nikaibeba imani hiyo hadi ofisini.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Kampuni yetu pale Voi iliuza dawa za mifugo, mbegu na chumvi ya ng'ombe. Ilikuwa na stoo Mwatate, Wundanyi, Taveta, na nyingine Kishushe, huko kwenye ranchi, ambako barabara ni mawe matupu na gari hupita likipenda. Kila jioni kabla ya kufunga, kompyuta ya kila stoo ilipiga simu Voi na kutuma ripoti ya mali iliyobaki. Simu zote ziliingia kwenye sanduku moja la chuma lililokaa juu ya kabati langu. Nyuma lilikuwa na milango midogo ya kuchomekea waya, kila stoo na mlango wake. Kishushe haikuwa na waya wa simu. Ripoti yake ilikuja kwa redio, ikipitia mnara wa kilimani, kisha ikaingia kwenye mlango wake wa sanduku kama nyingine.

Mweka stoo wa Kishushe alikuwa shangazi yangu, dadake baba. Ndiye aliyenilea nilipokuwa sekondari. Kazi ile aliipata mwenyewe kabla sijafika mimi, lakini nilipoajiriwa tu, minong'ono ikaanza. Wasagalla wameanza kuitana. Karani wetu, mtu wa bara mwenye mdomo mrefu, aliniuliza hivi hivi, "Na ndugu zako wengine wanakuja lini?" Mimi nina hasira za karibu. Nilijiapia kwamba hakuna atakayenikuta nikimpendelea mtu wa kwetu, hata kwa sindano.

Mwanzoni nilikuwa nikiuandikia kila mlango mipangilio yake: kasi fulani, neno la siri fulani, ngoja hivi, kata hivi. Maneno yale yale, mlango baada ya mlango, na ukikosea herufi moja Taveta nzima inalala. Kisha nikagundua kwamba sanduku lilikubali uandike mipangilio mara moja, uipe jina, halafu uuambie kila mlango: fuata ile. Ukibadilisha kitu pale, milango yote inabadilika pamoja. Haki ya Mungu nilicheka peke yangu. Nikaipa jina Jora.

Ndani ya Jora niliweka sheria mpya. Simu za stoo zilikuwa zikibaki wazi hata kazi ikiisha, zikila pesa bure, kwa hiyo mlango ukisikia kimya kidogo tu, ukate. Bosi wetu, mzee wa familia ya Kiislamu iliyotoka pwani ikaweka makao Voi zamani, alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama.

"Na Kishushe je, mwanangu? Ile si ya redio?"

"Kishushe pia, mzee. Hapa hakuna mtoto wa kambo."

"Haya. Fundi ni wewe."

Nilijua redio ni nzito kuanza. Nilijua! Lakini karani alikuwa pale pembeni, masikio kama ya punda, na kuuandikia mlango wa shangazi sheria yake peke yake kungemfurahisha mwezi mzima. Nikasema moyoni, Kishushe itajikaza.

Haikujikaza. Ripoti ya Kishushe ikaanza kufika nusu, siku nyingine isifike kabisa. Watu wakasema yule mama amechoka, anazima mashine mapema awahi nyumbani. Mzee akamwita kwa redio, nasi sote tukisikiliza. Shangazi akajibu, "Ni mimi, mzee. Vidole vyangu vizito."

Kwenye mkutano mzee aliniangalia kabla ya kusema lolote. Alikuwa ananipa nafasi. Nami nikasimama, nikanyoosha shingo. "Kama ni uzembe, aondolewe kama mtu mwingine yeyote. Mimi sina undugu kazini."

Karani akatikisa kichwa kwa heshima. Nilikaa chini nikijiona mtu wa maana. Naandika haya na uso unawaka.

Mzee akaamua nipande lori la chumvi, nikaone mwenyewe. Nikimkuta na kosa, nirudi na funguo.

Shangazi alinipokea kwa Kisagalla na kwa kimanga. Kwetu mgeni hasemi shida yake kabla ya kula, na kile kimanga, cha muhogo na maharagwe, kilikuwa moto na laini kama nilivyokipenda nikiwa msichana. Nilikula nikiwa na maneno makali tayari mdomoni. Sijui nilimezaje.

Jioni ilipofika tukaingia stoo. Sakafu imefagiliwa, magunia yamepangwa, mashine imefunikwa leso isiingie vumbi. Akanawa mikono, akakaa, akabonyeza panapotakiwa. Redio ikakoroma. Voi ikaitikia. Kisha pakawa na ule utulivu mfupi, mnara wa kilimani ukijikusanya kabla ya kupitisha ripoti. Kop! Voi ikakata. Akaanza upya. Kop! Ikakata tena.

"Si unaona," akasema, "vidole vyangu hivi."

Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Shangazi, hii imeanza lini?"

"Tangu ulipobadilisha mambo yenu huko."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mtambo wa mtoto wetu ni mbovu? Mbele ya wale watu?" Akafunika mashine na leso yake. "Wewe ndio unaanza. Mimi nimeshafanya kazi."

Nikamwambia nitamweleza mzee sasa hivi, kwa redio hiyo hiyo, na kazi yake haiendi popote. Akafungua fundo la kanga, akatoa funguo, akaniwekea mkononi. Kumbe asubuhi ile, kabla lori letu halijafika, alikuwa ameshamwambia mzee kwamba anaacha.

"Dereva wa juzi alinieleza ulivyosema mkutanoni. Umesema vizuri, hivyo ndivyo mtu wa kazi husema. Lakini sikutaka uwe wewe wa kuninyang'anya funguo."

Ee Mungu. Nililia pale kwenye chumvi ya ng'ombe kama mtoto aliyechapwa, naye akanibembeleza. Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi!

Nilirudi Voi, nikaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Mlango wa Kishushe nikauacha ufuate Jora kwa mambo mengine yote, nikauongezea mstari wake mmoja: wewe ngoja zaidi. Basi. Kazi ya mtu kuandika huku chai yake haijapoa. Kisha nikaingia kwa mzee nikamwambia yote, hata yale ya kuogopa maneno ya karani.

Alinisikiliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniua. "Mwanangu, damu nzito kuliko maji. Namheshimu mtu anayemtetea mzazi wake."

"Simtetei, mzee. Kosa ni langu!"

"Nimekusikia. Lakini ameacha mwenyewe, na mtu mwingine ameshapanda gari kwenda huko na funguo za akiba."

Nje karani alikuwa anacheka chini chini. Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe kwamba kosa ni la mama wa Kishushe, na sasa nikisema kweli, ilikuwa undugu tu unaongea. Jioni iliyofuata yule mtu mpya, kijana wa bara, alituma ripoti ikafika nzima. Mzee akanigonga begani. "Si waona? Tatizo lilikuwa mtu." Nikamwambia tena kwamba nimebadilisha sanduku. Akanipa pole.

Krismasi ile nilipanda Sagalla nikitamani kujificha. Baada ya ibada shangazi alinishika kiwiko, akanisimamisha katikati ya akina mama wenzake. Viatu vyake vilikuwa vya zamani, amevipaka rangi.

"Huyu mnamwona? Mitambo yote ya ile kampuni, Voi mpaka Taveta, ni huyu."

Akina mama wakanipongeza, wakanishika mkono mmoja mmoja. Shangazi akasubiri waishe, akanisogelea sikioni.

"Na ile ya Kishushe, siku hizi inafika?"

"Inafika, shangazi."

"Bwana asifiwe," akasema, akaninyooshea kola.