Bandeji Niliyomfunga Ndugu Yangu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili msije mkanitafutia visingizio katikati ya barua hii. Nilivyokuwa navyo vimekwisha.

Jina langu silitaji, na wenzangu wa huku Marani watakaonitambua naomba wanyamaze. Kiswahili changu ni cha jeshini, mtanisamehe. Nimejaribu kulisema jambo hili kanisani nikashindwa, maana kanisani watu wananijua. Ninyi wasomaji wa gazeti hili hamnijui. Heri niwaambie ninyi.

Vitani kule Bama, tulipopigana na Wajapani, nilikuwa mbeba machela. Basi! Nilibeba majeruhi kutoka msituni hadi kwenye hema la madaktari, nikaosha mabakuli, nikakunja bandeji. Kufunga bandeji nilijua, hilo sitajinyima. Nilifundishwa kuifunga kichwani ikakaa kama kofia, isilegee hata mtu akikimbia.

Nikarudi nyumbani na mfuko wa turubai wenye bandeji, iodini na vidonge vya maumivu. Haikupita wiki, mama mmoja akaniletea mtoto aliyejikata na jembe mguuni. Nikamsafisha, nikamfunga, akapona. Siku ya soko iliyofuata watu wakaniita daktari.

Sikukataa! Ndugu zangu, dhambi yangu ilianzia hapo. Ningecheka tu na kusema, "Mimi mbeba machela." Maneno matatu! Badala yake nikanyamaza, nikaanza kutembea polepole, mikono nyuma, kama nilivyowaona madaktari wakitembea.

Sasa niwaambie habari za Ombati, mdogo wangu. Yeye alikuwa fundi wa kuezeka nyumba kwa nyasi. Nyumba aliyoiezeka haikuvuja, na watu walimwita hadi upande wa Nyamira. Siku moja nilipanda juu nimsaidie. Akaniangalia ninavyopachika nyasi, akacheka mpaka akashika upau asianguke.

"Kaka, shuka," akasema. "Wewe nirushie nyasi tu. Huku juu si kwako."

Nikashuka nikicheka, wala sikuona vibaya. Yeye fundi, mimi si fundi. Oneni nilivyolielewa jambo hilo vizuri lilipohusu nyasi!

Asubuhi moja akiwa anamwezekea jirani, upau ukavunjika. Ombati akaanguka, kichwa kikapiga jiwe la kusagia wimbi lililokuwa uani. Alizimia kidogo, akazinduka, akaja nyumbani kwa miguu yake. Lakini siku ya tatu kichwa kilikuwa bado kinampiga, hata mwanga wa mlangoni hakuutaka. Mama akaenda kumwita omobari.

Kwa msiotujua, huku kwetu Kisii tuna wazee ambao kazi yao ni kupasua kichwa. Mtu akigongwa na maumivu yasiishe, omobari hufungua ngozi, akaukwangua mfupa taratibu kwa kisu kilichopinda mpaka ufa ulioachwa na pigo uishe. Hurithi kazi hiyo kwa baba zao, na hutazama miaka mingi kabla ya kushika kisu. Mliosoma msicheke. Mimi nilicheka, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mzee alikuja na mkoba wake wa ngozi ya mbuzi. Hakuufungua upesi. Alikaa nyuma ya Ombati, akapitisha vidole nyweleni kama mama anayemtafutia mtoto chawa. Vidole vikasimama juu ya sikio la kushoto.

"Ubaya uko hapa," akasema. "Nikwangue kesho asubuhi. Na kama mikono yangu hamuiamini, mpelekeni Kisii mjini kwa daktari wa serikali, naye anajua kichwa. Ila msikae naye hivi hivi."

Mmesikia? Mzee yule hakuona haya kumtaja mwenzake. Mimi ndiye niliyeona haya. Omobari akimgusa ndugu yangu nyumbani mwangu, nani ataniita daktari tena? Na kule Kisii wataniuliza nilisomea wapi. Njia zote mbili za kumponya ndugu yangu zilipita juu ya aibu yangu. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Mimi nikauficha!

Nikatoa sauti ya jeshini. "Zama za kukwanguana vichwa zimekwisha. Bama nimeona vichwa vibaya kuliko hiki. Nitamtibu mwenyewe."

Mama akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umewahi kutibu kichwa?"

"Mama, mambo haya huyajui."

Ndivyo nilivyomjibu mama mzazi mbele ya mgeni.

Omobari hakubishana nami. Hagusi kichwa cha mtu mzima ambaye hajakubali, basi akamgeukia Ombati. "Wewe mwenye kichwa, wasemaje?"

Ombati akanitazama. Alikuwa na maumivu, lakini alitabasamu. "Asemavyo kaka. Huyu ndiye daktari wetu."

Mzee akachukua mkoba wake akaenda. Nami nikafunga bandeji. Ilipendeza! Majirani walikuja kuitazama. Nikampa vidonge, na kila aliposema kinauma nikamwambia, "Vumilia, ni dawa inafanya kazi."

Wiki ya pili akaanza kuangusha vitu. Kikombe, fimbo, kijiko. Akasahau majina ya vitu vya kazi yake mwenyewe, akawa anaiita kamba "ile, ile." Niliona. Msidhani sikuona! Unajua nilifanya nini? Nilimbadilishia bandeji. Mungu wangu, nilimbadilishia bandeji!

Halafu siku moja mchana alianguka uani akatetemeka mwili mzima, povu mdomoni. Safari hii mama hakuniuliza. Aliwaita wanaume wa jirani, wakafunga machela ya fito na blanketi. Nilishika mbele, tukaenda hadi Kisii tukipokezana, ila mimi sikukubali kupokewa. Ile ndiyo kazi niliyoijua.

Daktari aliifungua ile bandeji pole pole. "Nani amefunga?"

Watu wetu wote wakatazama chini. Mama naye akatazama chini. Nikasema, "Mtu wa huko kijijini."

"Kufunga anajua," akasema. "Kichwa hajui. Mbona hamkumleta mapema?"

Madaktari wakampasua siku ile ile. Walipomtoa nikatazama walipopasua. Ni juu ya sikio la kushoto, pale pale vidole vya mzee viliposimama.

Ombati hakufa. Wengine huniambia nishukuru, nami hushukuru. Lakini mkono wake wa kulia haushiki kitu, na maneno hayakurudi. Anaelewa yote. Ukimsimulia kichekesho anacheka, ukimtajia mama, aliyekwisha kufa, machozi yanamtoka. Hajawahi kunitazama kwa chuki hata siku moja, na afadhali angenichukia!

Mfuko wa turubai niliufukia shambani. Bado wapo watu wa mbali wanaonisalimu "daktari" sokoni. Sasa nayasema yale maneno matatu, kwa sauti, mpaka wanaona haya wao.

Nawe unayesoma, ukiitwa jina la kazi usiyoijua, likatae siku ile ya kwanza, lingali jepesi. Na ukiwa na mgonjwa, umheshimu anayekuambia "kama huniamini mimi, nenda kwa fulani." Huyo ndiye anayejua. Mimi nilisikia mtu wa namna hiyo akisema nyumbani mwetu, nikamfukuza.

Masika haya nyumba ya Ombati imeanza kuvuja. Juzi mvua ikinyesha aliinua mkono wa kushoto akanionyesha mahali paani. Si pale tone lilipoangukia, bali juu zaidi, karibu na kilele, ambapo maji yalikuwa yakiingilia. Ni fundi tu angelijua hilo. Mvua ilipokatika nikapanda na nyasi, nikapachika nilivyoweza, nikashuka. Ikanyesha tena, ikavuja tena.

Ombati akatikisa kichwa, akaonyesha pale pale.

Nikapanda tena. Nilikaa huko juu na nyasi mikononi, nikangoja kuambiwa nishuke.