Mstari wa Chaki kwenye Spoku

Kwa miaka thelathini na moja watu walipeleka magurudumu ya pikipiki nyumbani kwa Mzee Nyoosha, na hakuna aliyejua kwamba fundi huyo hasikii vizuri. Ujanani alifanya kazi kiwandani, karibu na mashine ya kuponda chuma, na masikio yakamtupa mkono kabla hajaota mvi hata moja. Aliyejua ni mkewe. Na mkewe hakusema.

Gurudumu la spoku lina kazi mbili. Ringi izunguke bila kuyumba, hiyo ni kazi ya macho. Spoku zote thelathini na sita zikaze sawasawa, hiyo ni kazi ya sikio. Ukizigonga kwa spana moja baada ya nyingine, iliyokaza inalia nyembamba. Iliyolegea inalia nzito. Iliyoanza kukatika inalia kama kikombe chenye ufa. Mzee aligonga. Mkewe alikaa ng'ambo ya gurudumu, kwenye kigoda, chaki mkononi, na kila spoku yenye kasoro aliichora mstari mdogo. Wateja walidhani mama wa watu amekaa kupiga soga.

Mzee akisema imetosha na haijatosha, mkewe alimvuta mkono akamchora mstari uleule juu ya kifundo.

"Na huyu naye kalegea," alikuwa akisema, na wote wawili wakacheka.

Mkewe alifariki mvua zilipoanza. Kopo la chaki likabaki rafuni, limefunikwa. Kigoda kikabaki pale pale. Mzee akaendelea na kazi kwa macho tu, na kila gurudumu lililotoka mlangoni alilisindikiza kwa macho mpaka kona ya njia.

Ndipo muuguzi alipoleta gurudumu lake la mbele. Lilikuwa limeingia shimoni, ringi imepinda, kutu imekula kila kona. Muuguzi huyo hushuka mlima kila siku kwenda kwa wagonjwa majumbani, na kwenye mteremko ule gurudumu la mbele likikuangusha, hakuna wa kusimulia. Alilitaka Alhamisi asubuhi. Mzee akasema litakuwa tayari. Angesema nini?

Alilifungua lote. Akapiga msasa, akapaka rangi, akasuka spoku upya, kila moja ikipishana na nyingine tatu, kama alivyozoea. Zile za zamani zilizoonekana nzima alizirudisha. Jumatano mchana akalipachika kwenye uma wa pikipiki kuukuu alioubana kwenye jiriwa mezani, akanyoosha mpaka ringi ikapita kwenye ncha ya waya wa kupimia bila kuugusa. Umeme ulikuwa umekatika. Chumba kilikuwa na mwanga wa dirisha moja tu, mwanga wa kijivu. Alilisimamisha gurudumu kwa kiganja, akaenda uani kunawa.

Aliporudi lilikuwa linazunguka.

Polepole, bila haraka, kama linalosubiri mtu. Likasimama lenyewe. Na spoku iliyoelekea kwenye kigoda ilikuwa na mstari mweupe.

Mzee alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika viwikoni. Binti yake alikuwa ndio anaingia na chakula; mzee akamuuliza kama ameshika gurudumu.

"Baba, hata viatu sijavua," alisema binti. Kisha akamtania kwamba sasa anajichorea mwenyewe na kusahau. Mzee akatazama rafuni. Vumbi juu ya kifuniko cha kopo lilikuwa halijaguswa.

Binti alipoondoka, mzee alifungua spoku ile. Ilikatikia mkononi, pale inapojikunja kuingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Ndani ya ufa kutu ilikuwa ya siku nyingi. Ingeweza kumaliza wiki. Ingeweza kumaliza nusu ya mlima.

Akaweka mpya, akanyoosha tena. Akazigonga zote, taratibu, akielekea kigoda. Akatoka uani, akahesabu mpaka mia, akarudi.

Hakuna mstari.

Alikagua spoku moja moja, pua inakaribia kuigusa ringi. Safi. Gurudumu limepona, na yeye angepaswa kushukuru. Lakini kigoda kilikuwa kitupu kuliko siku ya maziko. Akakaa kwenye kiti chake. Jua likaanza kuzama. Mkono ukachukua spana wenyewe, ukalegeza spoku moja. Nusu mzunguko. Kisha nusu nyingine.

"Haya," akasema. "Njoo uione."

Akangoja. Usingizi ukamchukua kitini, spana mapajani.

Aliamshwa na hodi. Kumekucha, muuguzi yuko mlangoni na mkoba wake.

"Shikamoo mzee wangu. Limekuwa tayari?"

"Marahaba." Mzee alitupia macho gurudumu. Hakuna mstari. Spoku aliyoilegeza ilikuwa kama zile nyingine, hakuna jicho la mteja ambalo lingeitambua. Kusema haijakaza ni kusema ameilegeza, na kusema ameilegeza ni kueleza kwa nini. Akanyoosha mkono alitoe mezani ampe. Mkono wa shati ukapanda.

Juu ya kifundo kulikuwa na mstari mweupe, mdogo, ulionyooka.

Mkono ukaganda hewani. Muuguzi akauliza kama anaumwa.

"Bado, mwanangu. Kaa pale kwenye kigoda." Halafu akasema neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya mteja. "Mimi sisikii. Nitagonga. Ikilia tofauti, niambie."

Akashusha kopo rafuni ampe chaki. Vumbi bado lilikuwa juu ya kifuniko. Ndani hamkuwa na kitu. Akalirudisha.

Muuguzi alitumia kidole. Spoku ya kumi na tisa akainua: hii nzito. Mzee akakaza nusu mzunguko. Bado nzito, alisema muuguzi. Akakaza nusu nyingine, akagonga.

"Sasa sawa."

Walimaliza zote, kisha wakazirudia. Muuguzi alipobeba gurudumu lake, akaona ule mkono.

"Umeshika nini hapo, mzee?"

"Nimechorwa," akasema mzee, akashusha mkono wa shati taratibu, usifutike.